Mzee wa Baraza na Sinema za Kukodi

Wateja wa kuniharibia biashara nimekuwa nao wengi. Kuna waliorudisha CD imechubuka kama imepigwa msasa, kuna aliyerudisha kava tupu akaapa kwamba ndivyo nilivyompa, na kuna mmoja wa Buswelu aliyehama nyumba na mfululizo wangu wa Kikorea, CD kumi na mbili, mpaka leo sijui mfalme yule alikufa au alipona. Lakini hakuna aliyeniharibia kwa adabu na kwa ratiba kama Mzee wa Baraza. Yeye alirudisha CD safi, imefutwa kwa kitambaa, siku yake haijapita, halafu akaketi kwenye benchi langu na kuiua mbele ya watu.

Nieleze kwanza hilo jina. Kwa miaka mingi alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, kwenye barabara ya Magu, mbele ya Kisesa. Hakimu anakaa katikati, wazee wawili wanakaa pembeni yake, wanasikiliza kesi ya mbuzi, ya mpaka wa shamba, ya mke aliyerudi kwao, kisha wanaulizwa maoni yao kabla ya hukumu. Alipostaafu akahamia Kiseke, hapa Mwanza, nyumba ya nne kutoka kibanda changu cha kukodisha CD, ya tano ukihesabu na choo cha jirani. Na kwa kuwa Kiseke hakukuwa na mbuzi wa kutosha, akaanza kuamua sinema.

Aliamua zote nilizokuwa nazo isipokuwa moja. Hiyo moja ameigiza binti yake, ambaye alikuwa hasemi naye. Nitaifikia.

Kikao kilikuwa kila Jumamosi saa nne asubuhi. Alikuja na koti lake la kaki, mfuko wa kulia CD, mfuko wa kushoto matobolwa, viazi vikavu vya kutafuna. Salamu aliitikia moja moja. Hakuwahi kutoa marahaba moja kwa watu watatu kama anagawa pipi. Akishaketi alinyamaza, kwa sababu maoni hakuyatoa bila kuulizwa. Hiyo ilikuwa desturi ya kazini kwake na hakuiacha. Mwulizaji wa kudumu alikuwa Masanja wa bodaboda, ambaye kijiwe chake kiko mbele ya kibanda changu.

"Shikamoo Mzee. Hiyo uliyochukua vipi?"

"Marahaba. Ya Mmarekani mwenye begi?"

"Hiyo hiyo. Niichukue?"

"Kijana ameibiwa begi. Sawa. Badala ya kwenda polisi kufungua jalada, ameua watu arobaini na sita."

"Arobaini na saba," nilisema mimi. Nilikuwa nimeitazama na nilihesabu mara mbili.

"Arobaini na sita, binti. Yule wa kwenye ngazi aliinuka. Halafu mwishoni anakumbatia mwanamke na begi lenyewe halifunguliwi. Watu arobaini na sita wamekufa na kielelezo cha kwanza hatujui ndani kuna nini. Mimi ningeahirisha."

"Kwa hiyo mbaya?"

"Mbaya sijasema. Magari ni mazuri. Nimesema haina kesi."

Masanja akaondoka bila kukodi, na nyuma yake wakaondoka wawili waliokuja kuitaka hiyo hiyo. Nikamwita Mzee pembeni, tukapatana awe anakuja saa sita, wateja wakiwa wameshachukua vyao. Jumamosi iliyofuata wateja wote walikuja saa sita.

Ilinichukua miezi kadhaa kugundua jambo ambalo mfanyabiashara anayejiheshimu angeligundua wiki ya kwanza. Sinema aliyoisifu ilikodiwa mara nne. Aliyoilaani ilikodiwa mara tisa, maana watu walitaka kuitazama waje wambishie. Nikaacha kulalamika, ila sura niliendelea kuikunja, asije akadai CD za bure.

Sinema za Kihindi alizishtaki kwa kosa moja la kudumu. Mtu anaanza wimbo na sari nyekundu, anaumaliza na ya kijani, na katikati amepita mlimani kwenye theluji na ya njano. "Shahidi akibadilika mara tatu ndani ya maelezo yake," alisema, "wewe utamwamini?" Lakini akitokea mama mjane wa Kihindi, sheria zote zilisimama. Mama yule angeweza kuficha jambazi chini ya kitanda, Mzee angesema hana hatia. Mke wake, Mama Kabula, aliniambia kwamba mjane akianza kulia mumewe hutoka nje kutazama kama mvua inakuja. Mwezi wa saba, Mwanza, mtu anatoka kutazama mvua.

Wakorea aliwaheshimu. Watu wanapiga magoti, hakuna anayemkatiza mfalme, na mshtakiwa anajibu alichoulizwa. Kilichomshinda ni supu. Katika kila mfululizo malkia anawekewa sumu kwenye supu, na katika kila mfululizo malkia anaendelea kunywa supu. "Mara ya kwanza ni jinai," alisema. "Mara ya tatu ni uzembe wa malkia."

Za Kinaijeria alizikataa kwa hoja kwamba mahakama haitambui uchawi, na mtu hawezi kuwa nyoka ndani ya jalada. Hoja nzuri, nilimuunga mkono. Ila kila aliporudisha sinema yenye nyoka, hakuketi kwenye benchi mpaka ameligonga kwanza kwa fimbo, huku na huku, na kuinama kuchungulia chini.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na watafsiri, hawa wanaoweka sauti ya Kiswahili juu ya muvi ya kigeni na wakikosa cha kutafsiri wanaweka cha kwao. Katika moja, Mchina ananong'ona neno moja tu, na mtafsiri anatueleza kwa dakika nzima kwamba jamaa ameshuka stendi ya Buzuruga, anatafuta samaki sato wa kupeleka ukweni. Mzee aliwahi kuona kinyume chake kazini. Bibi mmoja alitoa ushahidi kwa Kisukuma kwa muda wa kutosha kusonga ugali, alipomaliza mkalimani akamgeukia hakimu: "Anasema hapana."

"Yule alipunguza, huyu anaongeza," Mzee alisema. "Tofauti ni kwamba yule alikuwa ameapa."

"Sasa mbona kila wiki unachukua zilizotafsiriwa?"

"Sinema siifuatilii mimi. Namfuatilia mtafsiri."

Siku hizi watu wanakuja na flashi, nawajazia muvi kumi, wanaondoka. Yeye flashi aliikataa kwa sababu haina kava, na bila kava hajui mshtakiwa ni nani mpaka nusu saa ipite. Alikodi CD, na alizikodi kwa vita. Umeme ukikatika katikati ya sinema, asubuhi alikuja kusema kesi imeahirishwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, kwa hiyo siku ile isihesabiwe. Mimi nikasema CD imelala kwake, na kulala ni kulala hata gizani. Tulivutana kwa Jumamosi tatu. Tukafikia kwamba nusu ya sinema ni nusu ya siku, na ikirudi kabla ya saa tatu asubuhi haihesabiwi kabisa. Katika maisha yangu ni mapatano pekee niliyoyamaliza bila kujua nani amemla mwenzake.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Mwenye huruma kwa wajane wa Bombay na mkali kwa jirani aliyemwaga maji ya vyombo barabarani. Aliwafundisha vijana wa kijiweni kwamba mtu asihukumiwe kabla hajasikilizwa, na akimwona fundi bomba anapita alisema mwizi huyo.

Sasa ile moja.

Kabula, binti yake, alikuwa chuo cha ualimu, mwaka wa pili, siku moja akaacha akaenda Dar kuigiza. Alirudi mara moja tu, kumweleza baba yake. Mzee alimsikiliza amesimama, akamwambia kwamba yeye hana binti mwigizaji, akaingia ndani. Chai aliyowekewa Kabula ilikuwa bado ya moto. Tangu hapo hawakusemezana. Ukimuuliza Kabula yuko wapi, alijibu, "Yuko masomoni." Miaka ilipofika mitano, sisi tunaojua ualimu unasomwa miaka mingapi tukawa tunaangalia pembeni.

Kisha muvi ikaja. Kwenye kava yuko Kabula na pingu, machozi yanamtiririka, nyuma yake ghorofa na gari la kifahari ambavyo ndani ya muvi havimo, nilitafuta. Ni msichana wa kazi anayesingiziwa kuiba dhahabu ya tajiri wake, anapelekwa mahakamani, anafungwa. Kiseke nzima iliitaka kwa sababu ni mtoto wa hapa. Niliiweka ukutani, usawa wa macho.

Mzee akaja Jumamosi. Akaiona. Akatafuna matobolwa yale yale kwa muda mrefu.

"Binti, hiyo ishushe."

"Mzee, hiyo ndiyo inayoniweka mjini."

"Sijasema uitoe. Ishushe."

Yeye alitaka iende chini ya meza, mimi nilitaka ibaki pale pale. Tukaishia safu ya mwisho kabisa, kushoto kwa mlango, karibu na sakafu. Nikadhani yameisha. Lakini tangu wiki ile kila akiingia aliinama pale chini, na nikimuuliza kulikoni anajibu anafunga kamba ya kiatu. Mzee wa Baraza anavaa katambuga. Katambuga za tairi hazina kamba. Nikamwacha, mteja anayeinama dukani kwangu ni mteja bado.

Masanja ndiye aliyethubutu, mbele ya benchi zima.

"Mzee, ile ya Kabula vipi?"

Wote wakamgeukia Mzee.

"Mzee wa baraza akiwa na undugu na mshtakiwa," alisema polepole, "anajitoa. Siwezi kuketi kwenye kesi ile."

"Basi tuambie kama ndugu. Uzee wa baraza uweke pembeni."

"Ndugu haulizwi maoni."

Wenzangu walimheshimu kwa jibu hilo. Mimi ni mtu wa kupatana bei, najua mtu anapojificha nyuma ya masharti. Yule alikuwa kama mtoto aliyejificha nyuma ya pazia na miguu inaonekana.

Mama Kabula alikuja siku za Jumatano, mchana, mume akiwa chumbani anapumzika. Aliichukua ile CD mara kumi na moja. Daftari langu lilisema kumi na moja, nikahesabu tena, kumi na moja. Siku moja nikaona haya kumtoza mama kwa kumtazama mwanawe, haya kwa niaba ya dini zote.

"Mama, nikutolee kopi moja ikae kwako moja kwa moja. Sitaki kitu."

"Hapana, mwanangu. Ikikaa mle ndani ataizoea kama kalenda. Ikija na kuondoka atajua ipo."

Alijua kweli. Wiki ile ile nilimuuliza Mzee kwa mzunguko, kama ninayepanga kava.

"Hii hujawahi kuiona?"

"Sijaiona. Nimeisikia. Ukuta wa chumbani ni mwembamba."

"Na umeionaje kwa kuisikia?"

"Ushahidi wa kusikia haupokelewi."

Haupokelewi, lakini aliutunza vizuri. Jumamosi moja Masanja alikuwa anaigiza kwa kejeli, amepiga magoti kwenye vumbi na mikono mbele kama mwenye pingu: "Mheshimiwa hakimu, mimi sikuiba!" Mzee, bila kugeuka, akasema, "'Sijawahi kuiba.' Anasema 'sijawahi'." Kisha akaona sote tunamtazama, akaingiza mkono mfukoni kutafuta matobolwa, na yalikuwa yameshaisha.

Hivyo ndivyo alivyoishi na binti yake kwa miaka: yeye upande huu wa ukuta, mtoto upande ule, analia kwa sauti ya spika za deki. Mke akizeeka katikati. Mama Kabula alianza kuumwa magoti, na siku moja aliniambia kitu kimoja tu juu ya jambo hilo, kwamba hataki kuzikwa huku wale wawili wamesimama pande mbili za kaburi bila kusalimiana. Alilisema kama anayeagiza chumvi, akachukua CD yake akaondoka.

Mwaka huu masika yakiishia, akapanda basi kwenda Dar kukaa na Kabula wiki tatu. Hakuomba ruhusa, aliaga. Aliacha maharage yamechemshwa, akaacha deki imefutwa vumbi.

Wiki ya kwanza Mzee hakuja Jumamosi. Wiki ya pili hakuja. Jumanne iliyofuata nilikuwa nafungua mlango, nikamkuta ameshafika, hana CD mkononi.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Kuna CD pale chini."

"Pale chini zipo nane."

"Ya tatu."

"Ya tatu kutoka wapi?"

"Binti, usinichoshe asubuhi hii."

Nikampa. Hakutazama kava. Aliiweka mfuko wa ndani wa koti, ule ambao sikuwahi kujua kama upo, akaondoka.

Alirudi Alhamisi. Siku ya pili nzima, na hakubisha kuilipia. Hakuketi. Masanja alikuwa amepeleka abiria, hapakuwa na mtu wa kuuliza, kwa hiyo nikauliza mimi.

"Umeionaje, Mzee?"

"Nimeitazama mara mbili. Kesi imeharibika."

"Kivipi?"

"Ile ni mahakama ya mwanzo, wameandika mlangoni. Hakimu ameketi peke yake. Kulia kwake hakuna mtu, kushoto hakuna mtu. Anasikiliza peke yake, anasoma hukumu kama anayesoma mita ya maji, msichana anapelekwa jela. Wazee wako wapi? Nani ameulizwa maoni?"

"Labda hawakuwa na pesa ya kuwalipa waigizaji wawili zaidi."

"Enzi zetu hukumu ya namna ile haisimami. Inarudi. Ni kama haikusomwa."

"Kwa hiyo yule msichana ana hatia au hana?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Kesi haikuamuliwa."

Alishika ukingo wa meza yangu. Nilidhani anataka kukaa, nikamsogezea kigoda, hakukiona.

"Na mimi siku ile sikuketi na mtu," alisema. "Mama yake alikuwa pale pale, ameshika birika. Sikumuuliza. Niliamua peke yangu, nimesimama."

Nikakirudisha kigoda mahali pake.

"Namba yake unayo?" akauliza.

Ninayo. Kabula hunipigia mara moja moja kuuliza kama muvi yake inatoka. Nikamwambia Mzee kwamba mkewe yuko huko huko, angeweza kumpigia yeye.

"Nikimpigia mama yake atapiga vigelegele. Sitaki kelele. Piga wewe."

Nikapiga. Simu yangu sehemu ya sikio imekufa, lazima uweke sauti ya nje, kwa hiyo asije mtu akasema nilisikiliza kwa umbea.

"Mama CD, za huko? Inatoka?"

"Inatoka. Nina mteja hapa ana maoni yake."

Nikaisogeza mbele ya Mzee. Aliikamata kwa mikono miwili kama anayepokea sahani ya moto, akaitazama.

"Haloo?" Kabula akasema. "Haloo, nani?"

"Ni mimi."

Kule Dar kitu cha bati kilianguka sakafuni. Mtu aliuliza nini hicho, naye akaambiwa anyamaze.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeitazama sinema yako. Pale kizimbani kuna kosa."

"Lipi, baba?"

"Unalia ukitazama chini. Nimewaona wengi, miaka mingi. Hakimu akianza kusoma, mshtakiwa hatazami chini. Anatazama mlangoni, aone kama kuna wa kwao amekuja."

Nikachungulia kioo cha simu kuona kama salio limekwisha.

"Nilitazama, baba," Kabula akasema. "Tulirekodi hivyo. Nilitazama mlangoni mpaka mwisho. Wakakikata kipande chote, wakasema kinachelewesha."

"Wamekosea."

"Ndiyo."

"Hicho kipande bado kipo?"

"Kilishafutwa."

Mzee wa Baraza akaihamisha simu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kisha akairudisha wa kulia.

"Mama yako anarudi lini?"

"Jumapili."

"Njoo naye."